Usimng'olee Mzee Msalaba Wake

Leo neno langu si la kubembeleza. Kuna jambo limenikalia moyoni wiki nzima, na najua wengine wenu mtanipinga hapo chini kwenye maoni. Pingeni tu, lakini someni mpaka mwisho kwanza.

Nimeandikiwa na dada mmoja ambaye familia yao imegawanyika kwa sababu ya kaburi. Baba yao alikuwa mwanajeshi. Alistaafu zamani, akarudi nyumbani kulima viazi, akafa, akazikwa shambani kwake na wenzake wa jeshini wakaja kumuaga. Sasa watoto wamechanga pesa wajengee kaburi, na fundi anauliza jiwe liandikwe nini. Hapo ndipo moto ulipowaka. Kifungua mimba ameokoka, anasema ule msalaba wa mbao uliosimamishwa siku ya mazishi lazima ung'olewe na usichongwe mwingine, kwa kuwa ni sanamu. Wa pili anataka beji ya kikosi, cheo na namba ya jeshi, na mambo ya dini yaachwe kando. Dada yetu anataka jiwe liseme kwamba baba alilala akiwa ameokoka. Mzee mwenyewe alibatizwa Mkatoliki akiwa kijana na alikufa na rozari yake mfukoni. Aliwahi kuketi kanisani kwetu mara mbili tatu, akasikiliza, akashukuru, akarudi kwake misa.

Watoto wote watatu wanataka mchungaji awe upande wao.

Kabla sijawajibu, niwapeleke Gilgil. Mkishuka barabara kuu kutoka hapa Sachangwan, mpite Salgaa, mpite Nakuru mjini, mkifika Gilgil kuna makaburi ya Vita vya Pili vya Dunia, hapa hapa katika kaunti yetu. Wengi wetu tunapita na matatu mwaka baada ya mwaka bila kujua. Yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917 wakati Vita vya Kwanza bado vinapiganwa. Tume hiyo ilikubaliana jambo moja ambalo wakati huo liliwaudhi wakubwa wengi: jenerali na askari wa chini wapewe jiwe moja, kimo kimoja, upana mmoja. Tajiri asimjengee mwanawe mnara huku mtoto wa maskini akiwekewa kibao.

Juu ya jiwe ilichongwa beji ya kikosi au ya nchi, kisha namba, cheo, jina, tarehe ya kufa, na umri kama unajulikana. Katikati palikuwa na nafasi ya alama ya dini. Mkristo alipata msalaba, Myahudi nyota ya Daudi, Mwislamu maandishi ya Kiarabu, Mhindu maneno ya dini yake. Familia iliyosema haitaki alama yoyote, nafasi iliachwa wazi. Chini kabisa familia iliruhusiwa maneno yake yenyewe, yasiyozidi herufi 66 pamoja na nafasi kati ya maneno. Baada ya vita vile vya kwanza waliombwa hata kulipia kila herufi. Fikiria mama anahesabu herufi za kumlilia mwanawe.

Msidhani watu walikubali kwa amani. Zaidi ya watu 8,000 walitia sahihi ombi la kutaka kila kaburi lisimamishwe msalaba badala ya jiwe, na tarehe 4 Mei 1920 jambo hilo lilibishaniwa katika Bunge la Uingereza. Walikuwa Wakristo wenye uchungu wa kweli, na mimi siwacheki. Lakini Tume ilisimama na jiwe, kwa sababu walioanguka hawakuwa Wakristo peke yao, na aliyetaka msalaba angechongewa msalaba juu ya jiwe lake.

Ukiona jinsi walivyofanya, utaona swali lao halikuwa kwamba sisi tunaobaki tunaamini nini. Swali lilikuwa: huyu aliyelala hapa alikuwa nani?

Sasa nakujibu, kifungua mimba. Najua utakimbilia wapi. Utanipeleka Kutoka 20, kisha utanipeleka kwa yule nyoka wa shaba ambaye Hezekia alimvunjavunja, 2 Wafalme 18:4. Lakini soma mstari wote. Hezekia alimvunja kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Kabla ya hapo nyoka huyo alikaa vizazi na vizazi, na alitengenezwa kwa amri ya Mungu mwenyewe. Nani anaufukizia uvumba msalaba ulioko kaburini kwa baba yako? Nimeshauona. Ng'ombe wanajikunia hapo.

Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli, Mwanzo 35:20, na hakuna malaika aliyekuja kumkemea. Halafu kuna habari ya Mfalme Yosia, katika 2 Wafalme 23. Huyu ndiye mfalme aliyevunja sanamu kuliko wote. Alikuwa Betheli anafukua makaburi na kuchoma mifupa juu ya madhabahu ili kuitia unajisi. Katikati ya kazi hiyo akaona alama juu ya kaburi moja, akauliza ni ya nani. Wenyeji wakamwambia ni kaburi la mtu wa Mungu aliyetoka Yuda. Yosia akaamuru mifupa yake isiguswe. Mvunja sanamu mkuu wa Biblia aliona alama ya kaburi, akauliza kwanza, akaiacha. Wewe ndugu yangu umeuliza?

Msalaba ule hauna nguvu ya kumwokoa baba yako wala ya kumpoteza. Ni mbao mbili. Lakini ni mbao mbili ambazo alizijua, alizozisalia, na ambazo angetaka ziwe pale. Ukizing'oa hutakuwa umemhubiria mtu yeyote Injili. Utakuwa umemnyang'anya mzee neno lake la mwisho wakati hawezi kukujibu, na majirani Wakatoliki watakaoona watajua kwamba wokovu wetu ni wa kupigana na maiti.

Dada yangu, wewe nakupenda na nakuelewa, na kwako ndiko kugumu zaidi. Unataka jiwe liseme kwamba baba aliokoka jinsi sisi tunavyosema kuokoka. Hakuwahi kusema hivyo kwa kinywa chake. Labda moyoni alikuwa na Bwana kuliko sisi sote. Akida wa Kirumi pale chini ya msalaba alisema maneno machache tu katika Mathayo 27:54 na hadi leo tunayahubiri. Hayo yako mkononi mwa Mungu. Lakini patasi ya fundi wa mawe haiongozi mtu sala ya toba. Katika mazishi yetu tumezoea kumwandika kila marehemu kwamba ameinuliwa katika utukufu, hata yule ambaye mtaa mzima unajua alivyoishi, na tunashangaa kwa nini vijana hawatuamini tena tukihubiri mbingu. Bwana alishasema kuhusu makaburi yanayopakwa chokaa yapendeze nje, Mathayo 23. Andika kwamba alikuwa baba mwema, kama alikuwa. Andika kwamba mnampenda. Hilo ni kweli na hakuna atakayelipinga.

Na wewe wa pili, mwenye beji. Beji iwekwe, baba yako aliitumikia nchi hii na aliipata kwa jasho. Ila usiitumie kuifukuza imani yake. Kornelio wa Matendo 10 ametajwa kikosi chake na ametajwa sala zake katika mistari miwili inayofuatana, na Roho Mtakatifu hakuona shida kuandika vyote.

Kwa hiyo neno langu ni hili: jina, cheo, namba, beji, na msalaba wake. Ndiyo, mchungaji wa Kipentekoste amesema msalaba wa Mkatoliki ubaki.

Kuna atakayeniuliza: je, baba angekuwa Mwislamu? Basi mwezi na nyota, au chochote ambacho wenzake wa msikitini watasema kinafaa, na kaburi lake lielekee kibla. Mtoto aliyeokoka hana ruhusa ya kumbatiza baba yake baada ya kufa.

Niende mbali kidogo. Marekani, idara inayowahudumia maveterani ina orodha ya alama zinazoruhusiwa kuchongwa juu ya mawe ya serikali. Mwaka 2005 mwanajeshi mmoja, Sajenti Patrick Stewart, aliuawa Afghanistan. Alikuwa mfuasi wa Wicca, dini ambayo wafuasi wake wengi hujiita wachawi, na alama yao ni nyota ya pembe tano ndani ya duara. Mjane wake aliomba alama hiyo, serikali ikakawia na kukawia. Wakati huo orodha ilikuwa na alama zaidi ya 30, ikiwemo hata ya wasioamini kwamba kuna Mungu. Kesi ikaenda mahakamani, na Aprili 2007 serikali ikakubali.

Nikilitaja jina hilo najua wengine mmeshaanza kukemea. Mimi pia nauhubiria uchawi uangamie, na nitaendelea kuuhubiria Jumapili hii. Lakini sitaki afisa wa serikali akae ofisini na orodha, aamue imani ya nani inastahili kaburi. Leo atamkatalia yule, na wewe utapiga makofi. Kesho orodha hiyo hiyo itafika kwetu, kanisa la mabati lenye watu 60, na afisa atauliza kama tunatambulika. Katiba yetu, kifungu cha 8, inasema Kenya haina dini ya serikali, na kifungu cha 32 kinalinda dhamiri ya kila mtu. Tunakimbilia vifungu hivyo kila tukiona mswada wa kudhibiti makanisa. Basi tuvipende hata vinapomlinda mtu tusiyekubaliana naye. Injili haikuhitaji kunyima mtu jiwe ili ienee.

Na kwa kuwa tunasema ukweli, kuna alama moja ya Wakristo wenyewe ambayo mimi hainipi raha. Katika makaburi makubwa ya Tume ile utaona msalaba mrefu wa mawe, na juu yake umebandikwa upanga wa shaba, ncha ikielekea chini. Mchoraji wake, Reginald Blomfield, alikuwa na sababu zake, na kwa wengi unapendeza. Mimi nikiutazama nakumbuka Petro akiambiwa arudishe upanga wake mahali pake. Askari wasimamishiwe msalaba, na wapewe heshima ya silaha pia, lakini vitu hivyo viwili sikuona haja ya kuvipigilia pamoja. Hayo ni maoni yangu tu, si fundisho la kanisa.

Jambo linalonichoma zaidi ya msalaba ni jina.

Wazee wetu wa Keya mnawajua. Mnawajua pia wale wa Kariakoo, wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza, ambao mtaa wa Kariokor kule Nairobi umebaki na jina la kikosi chao. Walibeba risasi na unga kutoka Kenya hadi ndani ya Tanganyika na zaidi, wakafa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa upande wa Waingereza, katika eneo hili la Afrika Mashariki, walikuwa karibu 100,000. Ule usawa wa jiwe moja kwa kila mtu niliowaeleza haukuwafikia. Waliokuwa wakiamua waliona Mwafrika hana haja ya jiwe lenye jina, kwamba hatalielewa na hatalitembelea, na makaburi mengi yakaachwa yarudi kuwa kichaka. Ni kweli wazee wetu wengi wa zamani hawakuwa na desturi ya kujenga kaburi. Lakini hakuna aliyewauliza wajane wao.

Badala yake mwaka 1928 Nairobi ikasimamishiwa sanamu ya askari na wabeba mizigo, ile iliyoko Kenyatta Avenue. Ina maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na inawaahidi kwamba hata wakifa, wana wao watalikumbuka jina lao. Nendeni mkaisome. Kisha mtafute hapo jina hata moja. Hakuna. Maneno yale yalitungwa na Rudyard Kipling, mtu ambaye mwanawe wa pekee alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915 akiwa na miaka 18, na baba akafa bila kujua mwili uko wapi. Ni yeye pia aliyetunga maneno yanayochongwa kwenye makaburi ya askari wasiojulikana, kwamba Mungu ndiye anayewajua, na ni yeye aliyechagua ule mstari wa kwenye Jiwe la Kumbukumbu unaosema majina yao yanaishi milele. Mstari huo, kwa wanaopenda kujua, umetoka Yoshua bin Sira sura ya 44, kitabu ambacho hakimo katika Biblia tunazobeba. Mtu aliyejua uchungu wa jina kupotea kuliko wengine wote aliandika ahadi ya majina mahali ambapo majina hayakuandikwa.

Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti na kukiri: watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Huenda wakafika 350,000. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba msamaha bungeni. Naupokea msamaha. Ila ni miaka mia moja, na waliowajua wale wazee kwa sura wote wamekufa.

Fungua 2 Samweli 23. Ni orodha ya mashujaa wa Daudi, majina magumu tunayoyaruka tukisoma Biblia kwa mwaka mmoja. Usiyaruke. Jina la mwisho ni Uria, na ameandikwa na kabila lake, Mhiti, mgeni. Mfalme alimwibia mke, akamwua kwa barua aliyomfanya aibebe mwenyewe, na angefurahi sana jina hilo lisahauliwe. Roho wa Mungu akaliandika, na Mathayo akalitaja tena katika ukoo wa Bwana Yesu. Mungu wetu haachi majina ya askari yarudi kuwa kichaka.

Sisi watu wa Sachangwan hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipolipuka hapa, zaidi ya watu 100 walikufa. Walioungua hadi wasitambulike walizikwa pamoja katika kaburi moja. Ndani yake kuna waliookoka na wasiookoka, wanywaji na wazee wa kanisa, na kila kabila linalopita barabara hii. Nani kati yetu angethubutu kwenda pale na kusema alama hii itoke kwa sababu si ya dini yetu? Tunaposimama pale tunanyamaza. Mama anayejua tu kwamba mwanawe alitoka nyumbani jioni ile na hakurudi, angetoa shamba lake lote apate jiwe moja dogo lenye jina, na msalaba wa aina yoyote mungependa kubishania.

Mwingine atasema, mchungaji, wafu hawajui neno lolote, kwa nini tuhangaike? Ni kwa sababu walio hai wanajua. Na ni kwa sababu wengine bado wana nafasi ya kusema wenyewe. Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi yetu, alipokufa katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, tulishangaa kuona akizikwa Siaya siku tatu baadaye bila jeneza. Haikuwa dharau ya mtu. Alikuwa ameacha maagizo: azikwe ndani ya saa 72, na asiwekwe kwenye jeneza. Mkubwa wa jeshi zima, na familia haikupigana, kwa sababu alikuwa amesema akiwa hai. Hapa kwetu tunaogopa kumwuliza mzee swali hilo tukidhani tunamwita mauti, na akishaondoka tunagombana miaka kumi.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, mzee mmoja wa kanisa atakuwa mlangoni na daftari. Mwenye baba, mama, babu au mume aliyekuwa jeshini, tangu wale wa Keya hadi vijana waliorudi Somalia, aje na jina lake kamili, namba ya jeshi kama mnayo, kikosi, na mahali alipozikwa. Kama tarehe hamna, njooni na jina. Kama jina mnalo la utani tu, hilo hilo tutaliandika. Haijalishi alikuwa wa kanisa gani au wa msikiti gani. Na mastaafu mlio hai, njooni wenyewe. Tutawauliza mnataka nini juu ya jiwe lenu, na mna herufi 66. Mkaanze kuhesabu leo usiku.